Mjadala: Watunza wazee majumbani Kisumu waingie chama cha wafanyakazi?

Msimamo wangu ni ndiyo, waingie. Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mfanyakazi haki hiyo, na chama cha wafanyakazi wa majumbani na hospitalini kipo tayari, KUDHEIHA. Ila kadi ya uanachama haitamsaidia mtunzaji asiyejua mwajiri wake ni nani, na hapo ndipo naomba tujadiliane.

Tazameni kazi yenyewe. Mzee amepooza, inabidi ageuzwe kila baada ya saa chache asitoke vidonda mgongoni. Anaogeshwa, anabadilishwa nepi, analishwa uji, anapewa dawa za presha. Usiku mtunzaji analala kwenye godoro kando ya kitanda, sikio wazi, na kukicha anaambiwa usiku huo hauhesabiwi kwa kuwa "alilala". Kanuni za mishahara zinataka saa zisizozidi 52 kwa wiki, zigawanywe katika siku sita. Wangapi katika mitaa kama Milimani au Migosi wanazipata?

Agizo la mishahara la 2024 liliweka kima cha chini cha mshahara wa kibarua hapa Kisumu kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Kundi hilo linamtaja yaya na mtumishi wa nyumbani. Anayeuguza mzee hatajwi kwa kazi yake, hata awe amesomea. Na mgongo ukimteguka akimwinua mgonjwa, sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 inamdai mwajiri. Yupi? Wakala aliyemtafutia mtunzaji nyumba hiyo anajiita dalali tu. Familia nayo inasema ilishamlipa wakala.

Mwalimu, Mamboleo: Ndugu, mimi ndiye huyo mwajiri. Mama alipata kiharusi, nami nina karo na mkopo wa Sacco. Nikilazimishwa kulipa watunzaji wawili kwa zamu, nitamrudisha mama kijijini akae na mjukuu wa darasa la saba. Hapo chama kitakuwa kimemsaidia nani?

Mtunzaji, Nyalenda: Mwalimu, pole kwa mama. Mimi sitaki zamu mbili, nataka Jumapili yangu na mshahara mwisho wa mwezi. Familia inamtumia wakala pesa, yeye anatoa fungu lake, kinachobaki ndicho kinanifikia, na sijawahi kuonyeshwa hesabu. Sasa chama nacho kije na makato yake?

Mleta mada: Mwalimu, hofu yako ni ya kweli na sitaipuuza. Ila kuna mfano wa Marekani: mwaka 1999 watunzaji wapatao 74,000 wa Los Angeles walipiga kura kuingia SEIU, chama cha wafanyakazi wa huduma. Kabla ya hapo walikuwa wametawanyika nyumba kwa nyumba kama wetu, hakuna aliyekubali kuwa mwajiri wao. Kaunti iliunda mamlaka ya umma ya kusimama mahali pa mwajiri, ndipo chama kikapata wa kukaa naye mezani. Lakini mishahara ile ilitoka hazina ya umma, ilhali wako unatoka mfukoni mwako. Kwa hiyo sisemi tuige kila kitu.

Nasema tuanze na mawakala. Kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 kinamtaka mwajiri akitambue chama kinachowakilisha wengi wa wafanyakazi wake wanaoruhusiwa kujiunga. Kwa nyumba yenye mtunzaji mmoja, akijiunga yeye tayari ni wengi! Ila hakuna chama kitakachoweza kuzunguka mlango kwa mlango mpaka Riat kikitia saini mikataba. Kifungu hichohicho kinaruhusu kundi la waajiri kukitambua chama kwa pamoja. Wakala anayepokea pesa ya familia, anayepanga mtunzaji aende wapi na anayemlipa, huyo kwangu ni mwajiri, ajiite dalali asijiite. Mawakala wa mji huu wakae pamoja na chama, wakubaliane siku ya mapumziko, fungu lao liwe wazi, na bima ya majeraha iwe juu yao. Mwalimu, katika hayo hakuna linalokuongezea mtunzaji wa pili.

Dada wa Nyalenda, kuhusu makato: chini ya kifungu cha 48 cha sheria hiyohiyo, ada ya uanachama haikatwi kwenye mshahara mpaka mwanachama mwenyewe atie saini fomu ya kuruhusu. Usitie saini kabla hujaelezwa ni kiasi gani, na ubaki na nakala.