Walimu wa Dar, tupeane uzoefu: umewahi kutumia sikukuu kufundisha tamaduni za mataifa mengine?

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha darasa la sita huku Temeke. Mwaka jana, wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, niliandika ubaoni: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Nikauliza, maneno haya ya wapi? Darasa zima: "Ya hapa hapa!"

Nikawaambia hiyo ni Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi aliyoianzisha Maulana Karenga kule California mwaka 1966. Inaanza 26 Desemba hadi 1 Januari, kila siku neno lake na mshumaa wake. Hawakuamini. Jina limetokana na "matunda ya kwanza", wakaanza kugombana na hiyo "a" ya ziada mwishoni, eti Wamarekani wamekosea tahajia.

Kilichonifurahisha zaidi ni "ujima", yaani kazi ya pamoja. Hakuna aliyelijua, mpaka binti mmoja akasema bibi yake Upareni huita kazi ya namna hiyo msaragambo. Kipindi kizima kikaishia hapo, kila mtu anataja kwao wanaitaje. Mishumaa tulitumia ile ya dharura Luku ikiisha, tukaizungushia karatasi: mmoja mweusi, mitatu myekundu, mitatu ya kijani.

Karibuni, nanyi mmefanyaje?

Ticha wa Upanga: Sisi tuko jirani na mahekalu ya Kisutu, kwa hiyo Diwali haina haja ya picha. Wanafunzi wa Kihindu walitufundisha kuchora rangoli, yale mapambo ya rangi ya chini. Tukatia unga wa mahindi rangi ya chakula, tukachora ua kubwa uwanjani. Kunguru wakalimaliza kabla mwalimu mkuu hajatoka ofisini! Nao asili yao India, labda waliona ni haki yao. Siku hizi tunatumia chaki.

Mama Wawili: Kuweni makini na wazazi. Mimi nililetewa baba amefura, eti nambadilishia mtoto dini. Tangu hapo natuma barua nyumbani wiki moja kabla, na sifanyishi ibada ya mtu. Naulizia kalenda na chakula tu. Kwa nini Idi haikai tarehe moja? Mtoto wa madrasa akasimama akaeleza kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11. Kwa nini Ethiopia Krismasi ni 7 Januari? Hapo wa kanisani wakakwama wote. Yule baba siku hizi ananisalimia.

Mzee wa Feri: Mnakimbilia mbali, anzieni Makunduchi hapo ng'ambo, Zanzibar. Mwaka Kogwa, Julai, una uhusiano na Nauruz, mwaka mpya wa Iran. Wanaume wanachapana kwa migomba, kibanda kinachomwa moto. Kosa langu niliwaruhusu madogo wajaribu, kwa khanga zilizokunjwa. Wawili walilipiza ugomvi wa tangu Machi.

Mgeni wa Jukwaa: Mtoa mada, darasa langu lina watoto 120. Mishumaa saba ataiona nani?

Mtoa mada: Mkuu, wangu 94. Niliwagawa makundi saba, kila kundi neno lake, wakaja mbele kwa zamu. Kundi la "kujichagulia" lilichelewa, walikuwa bado hawajachagua kiongozi.