Naomba ushauri: nimeacha nyama, uzito unapanda

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mama wa watoto wawili, Msabato, nipo Mwanza. Mwaka jana niliacha nyama na samaki, nikajua mwili utapungua wenyewe. Nimetoka kilo 71 hadi 78!

Nikijichunguza, sahani yangu ni wanga mtupu: asubuhi chapati, mchana ugali na maharage ya nazi, jioni wali. Mafuta nayo namimina tu, wakati gramu moja ya mafuta ina kalori 9 na ya wanga 4. Nikipunguza ugali, njaa inaniamsha usiku.

Mliofanikiwa bila nyama, mnashibaje? Choroko na dengu mnakula kiasi gani? Na vitamini B12 mnaipata wapi, maana mboga hazina? Nisaidieni jamani, magoti yameanza kuuma.