Picha 216 za Kalulu

*Kikundi: UKOO WA KAMBO KATUBA*

Jumamosi

Tonton Serge, 14:06
Mama Dorcas, simu yako iko mikononi mwa nani? Picha zinaingia tu. Nimehesabu 60 nikaacha.

Tantine Odile, 14:07
Mega zangu za intaneti za wiki zimekwisha! Na ni picha ileile, sungura wa udongo amekaa kwenye majani.

Yaya Christian, 14:09
Si ileile, Tantine. Tazama sikio lake la kushoto. Kila picha limeshuka kidogo.

Mama Dorcas, 14:31
Ndugu zangu, mnisamehe. Nilikuwa sokoni, simu niliiacha kwenye chaji. Ni watoto, Merveille na Plamedi. Zimefika 216. Nitawaonya.

Yaya Christian, 14:32
Mama, usiwaonye kwanza. Mpe Merveille simu atueleze.

Mama Dorcas, 14:40
Jambo kwa wote, ni Merveille ninaandika. Tantine, pole sana kwa mega zako. Tulitaka kutuma filamu, nikachagua picha zote bila kujua. Kwa jirani tulitazama kipindi cha wanyama wa msituni, midoli inayosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha. Kuna bundi, kuna nungunungu mdogo wa Ulaya, na mwingine ana mistari usoni, Plamedi aliniuliza jina lake nikashindwa. Akasema basi tufanye wanyama wa kwetu. Chetu kinaitwa Marafiki wa Kichuguu. Wanakaa kwenye kile kichuguu nyuma ya nyumba, na udongo wao tumeuchimba hapo hapo.

Tonton Serge, 14:44
Udongo wa kichuguu! Ndio huo wanaofyatulia matofali Lubumbashi nzima. Umechagua vizuri, mwanangu, unashikana.

Yaya Christian, 14:52
Nimezipanga kwenye simu yangu kwa ile programu ya bure. Sekunde 18. Tazameni. 🎬

Tantine Odile, 14:55
Eeeh! Anasogea!

Tantine Odile, 14:55
Odile mimi nimetazama mara tano. Anageuza kichwa kama amesikia mtu.

Mama Dorcas, 14:58
Christian, nieleze vizuri. Asubuhi nzima ile, tangu saa moja mpaka saa sita, ni sekunde 18 tu?

Yaya Christian, 15:05
Ndiyo, Mama, na hawajachelewa. Televisheni ya Ulaya hupitisha picha 25 kila sekunde. Wengi wanaofanya filamu za midoli huacha kila picha ipite mara mbili, kwa hiyo wanasogeza mdoli mara 12 au 13 kwa sekunde. Merveille ametumia 12. Gawanya 216 kwa 12, utapata 18. Dakika moja ni picha 720. Kipindi cha dakika 10 ni 7,200, na katika kila moja mkono wa mtu umeingia, ukasogeza, ukatoka. Hata kwenye studio kubwa mtu mmoja akimaliza siku na sekunde chache nzuri, anakwenda kulala ameridhika.

Tonton Serge, 15:11
Mnanikumbusha Colargol. Nilikuwa na umri wa Plamedi, jirani yetu alirudi kutoka Ulaya na kaseti. Dubu mdogo wa kahawia anayetaka kuimba na sauti haimtii. Niliamini kwamba yupo. Nilijua ni kitambaa na pamba, niliona hata nyuzi, lakini alipoinamisha kichwa kwa huzuni nililia. Mpaka leo sijui kwa nini mdoli alinishika hivyo kuliko katuni za kuchora.

Yaya Christian, 15:16
Kwa sababu ni kitu kweli, Tonton. Kina kivuli chake, kina uzito. Kwenye zile za zamani unaona hata manyoya yanatikisika pale vidole vya fundi vilipopita. Colargol ilitengenezwa Poland, mji wa Łódź, studio ya Se-ma-for, kwa ajili ya televisheni ya Ufaransa. Hao hao walifanya Miś Uszatek, dubu mwenye sikio moja lililolala, vipindi 104 kati ya 1975 na 1987. Ilikuwa ya kuwalaza watoto: jioni wanatazama, dubu anaaga, wanakwenda kitandani.

Mama Dorcas, 15:18
Ndiyo maana kwenye vipindi hivyo shida huwa ndogo. Kofia imepotea, mvua imenyesha, rafiki amenuna. Sikuwa nimefikiria kwamba mtoto anatoka hapo kwenda kulala.

Tantine Odile, 15:30
Nimemwonyesha Kambo, mzee wetu. Amesogeza simu karibu na macho, amenyamaza kidogo. Ninaandika anavyosema, na Kalulu ni yule sungura mjanja wa hadithi: "Huyu ni Kalulu. Lakini nani amebaambia Kalulu iko na barafiki? Kalulu hana na rafiki. Anakula bintu ya benzake. Mubaulize batoto kama banajua habari ya kisima."

Mama Dorcas, 15:33
Ni Merveille. Kambo, habari ya kisima hatuijui. Tunaomba.

Tantine Odile, 15:49
Amesimulia, nami nimeandika kwa Kiswahili cha shule mpate kusoma wote. Jua lilikuwa kali, mto umekauka. Wanyama wakakubaliana kuchimba kisima. Kila mmoja alileta jembe, Kalulu akakataa, akasema yeye umande wa asubuhi unamtosha. Kisima kikajaa. Usiku Kalulu akaja, akanywa, akaoga humo, maji yakabaki matope. Wakaweka mlinzi, Kalulu akamdanganya kwa asali. Wakaweka wa pili, akamdanganya vilevile. Mwisho Kobe akasema, mnipake urimbo mgongoni, nitakaa ndani ya maji. Kalulu akaja, akaona jiwe zuri la kukanyagia, akaweka mguu. Mguu ukanasa. Akapiga kwa mkono, mkono ukanasa. Na Kobe akaanza kupanda juu, polepole.

Tantine Odile, 15:50
Hapo Kambo huwa anashusha sauti. Hata mimi, na umri huu, nimesisimka.

Tonton Serge, 15:53
Polepole ya Kobe! Hiyo njo filamu yenyewe. Mnyama gani mwingine anafaa kusogezwa milimita mojamoja?

Mama Dorcas, 16:02
Plamedi anarukaruka hapa. Anataka hiyo hiyo. Ila anauliza kama mwishoni Kalulu anaweza kuomba msamaha wawe marafiki wote.

Tantine Odile, 16:05
Kambo: "Hapana. Akiomba musamaha leo, kesho usiku atarudi tena kisimani. Kalulu njo vile."

Jumatatu

Mama Dorcas, 10:20
Habari za asubuhi. Hapa kuna kilio. Mguu wa Kalulu umekatika ndani, waya umevunjika, na Plamedi hataki kula. Wameweka mifupa ya waya wa shaba walioutoa kwenye mabaki ya kebo.

Tonton Serge, 10:34
Mpe Plamedi simu asome mwenyewe. Mwanangu, hukukosea. Shaba ukiikunja mara nyingi mahali pamoja inakuwa ngumu, halafu inakatika. Sisi mafundi umeme tunaijua tabia hiyo. Mwombe mama awashe mbabula, lile jiko la makaa. Waya mpya uwekwe kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, autoe mama kwa koleo, si wewe, uache upoe. Utaona umelainika kama uzi. Baada ya siku mbili za kazi utie tena. Na usiweke waya mmoja mnene. Chukua miembamba miwili uisokote pamoja, inavumilia zaidi.

Tonton Serge, 10:36
Wenye studio hupenda alumini kwa sababu inakunjika bila kuchoka haraka. Ninazo vipande hapa Likasi, nitampa dereva wa basi Jumatano. Lakini Kalulu wa Lubumbashi kuwa na mifupa ya shaba, hilo limenifurahisha sana.

Yaya Christian, 10:41
Nimeona na picha za jana. Mambo mawili, Merveille. La kwanza, mwanga unarukaruka, sekunde moja Kalulu yuko juani, ya pili kivulini. Ni mawingu ya Desemba. Funga pazia, tumia taa ya kuchaji, na kwenye simu funga mwanga na umbali visijibadilishe vyenyewe. Simu uifunge kwa mpira kwenye tofali, mtu asiiguse.

La pili, majani. Tazama nyuma ya Kalulu. Ulichuma majani mabichi, na katika saa tano yamenyauka. Kwenye filamu yananyauka kwa sekunde kumi, kama kuna moto. Kata majani ya karatasi, uyapake rangi. Vijiti vikavu na mawe havitakusaliti.

Mama Dorcas, 10:50
Ni Merveille. Yaya Christian, mimi niliyapenda yanavyonyauka. Kwenye habari ya Kambo jua ni kali. Si yanafaa?

Yaya Christian, 10:52
Yanafaa kabisa. Sikuliona hilo. Basi yaache mwanzoni, mto ukikauka, na baadaye kisima kikijaa weka ya karatasi.

Tantine Odile, 11:15
Na udongo? Naona nyufa tumboni mwa Kobe.

Mama Dorcas, 11:17
Unakauka, Tantine. Usiku tunawafunika na kitambaa chenye maji. Asubuhi tunaziba nyufa na kidole.

Tantine Odile, 11:22
Kambo alifinyanga vyungu zamani. Anasema mlichukua udongo na mchanga wake na mizizi. "Muuchunge kwanza, muulaze siku moja ndani ya maji, kisha muufinye mpaka usilie." Kuuchunga ni kuuchekecha, na usilie maana yake mpaka usisikike ukikwaruza vidoleni. Mimi naongeza: wa kichwa na mikono, ukaushe, uusage unga, uchanganye na vazelini na nta kidogo ya mshumaa iliyoyeyushwa, mama akiwepo. Usipotia maji, hakuna cha kukauka. Udongo wa watoto wa dukani nao unashikwa na mafuta.

Jumatano

Yaya Christian, 19:40
Nimepita kwa kina Merveille leo kutoka chuo kikuu, kampasi ya Kasapa. Wamechimba kisima ndani ya karton, maji ni mfuko wa plastiki uliokunjwakunjwa, na ukiusogeza kidogo unang'aa kama maji kweli. Nimewasimulia habari za Starewicz. Mwaka 1910 hivi, akiwa kwenye jumba la makumbusho huko Kaunas, alitaka kupiga filamu ya mbawakawa wenye pembe wakipigana. Akiwasha taa, wadudu wanalegea. Akachukua waliokufa, akawawekea waya badala ya miguu, akawasogeza picha kwa picha. Baadaye Ufaransa alifanya filamu ndefu ya Mbweha na wanyama wenzake, miezi 18 ya kusogeza, yeye na binti yake Irène. Merveille aliuliza binti alikuwa na miaka mingapi. Nadhani alikuwa anapima kama yeye amechelewa.

Tonton Serge, 19:44
Mbweha wao ni Kalulu wao. Naye si rafiki wa mtu.

Yaya Christian, 19:47
Ndiyo, Tonton. Ila kuna kitu bado. Kobe wa Merveille na Plamedi akikaa bila kusogea anaonekana amekufa. Mdoli asiposogea hata kidogo, mtazamaji anaona udongo. Lazima apepese macho, apumue. Nimemwambia Merveille amtazame mtu aliyelala, aone ni nini hasa kinapanda.

Jumapili

Mama Dorcas, 17:58
Ndugu zangu, safari hii ni filamu MOJA. Sekunde 41. Picha 492. Nimeipunguza uzito kwa ajili ya mega za Odile. 🎬

Tonton Serge, 18:03
Mungu wangu. Pale mguu unaponasa.

Tonton Serge, 18:04
Anaangalia mguu, halafu anaangalia kamera, halafu mguu tena. Nani amewafundisha hivyo?

Mama Dorcas, 18:06
Plamedi. Alisema Kalulu atataka kujua kama kuna mtu ameona.

Tantine Odile, 18:10
Na mwisho mmefanyaje? Naona wanyama wanamzunguka, hakuna anayempiga, hakuna anayemkumbatia. Nungu anamletea jembe.

Mama Dorcas, 18:12
Ni Merveille. Tuliulizana sana na Plamedi. Hakuomba msamaha, Kambo alikataa. Lakini kisima cha pili hakijachimbwa, na yeye ana mikono. Tukaishia hapo, jembe liko chini, hajalishika bado.

Tantine Odile, 18:25
Kambo ameitazama mara tatu. Mara ya tatu ameomba nisimamishe pale Kobe yuko chini ya maji anangoja. Anasema: "Jembe ni sawa. Lakini huyu Kobe anapumua. Mugongo inapanda, inashuka. Nani amemupatia pumzi?"

Mama Dorcas, 18:27
Ni mimi Merveille, Kambo. Alhamisi tulipolala kwako, wewe ulilala mchana kwenye mkeka. Nilikaa kando nikahesabu. Ukivuta ni haraka, ukitoa ni polepole. Kobe nimempa picha 14 za kupanda na 22 za kushuka.

Tantine Odile, 18:29
Ameshika simu. Hajanirudishia.

Mama Dorcas, 18:41
Plamedi anauliza nani ana chaji ya simu ya tundu dogo, yetu imekufa, na kesho Nungu anaanza kipindi chake.

Tonton Serge, 18:43
Iko kwenye mfuko wa alumini, chini kabisa. Fungueni vizuri.