Nane mbili kwenye blaindi ndogo: nani bado anafuata tu?

Wadau, naleta ubishi uliotuchukua nusu saa baada ya shindano kwisha, na sitaki uishie pale mezani.

Mchezo ni poka ya Texas Hold'em. Blaindi, yaani madau ya lazima ya wachezaji wawili kabla ya kuchezwa, ni 1,000 (ndogo) kwa 2,000 (kubwa), na blaindi kubwa anatoa 2,000 nyingine za anti, mchango wa lazima, kwa niaba ya meza nzima. Niko blaindi ndogo na chipu 50,000. Mchezaji wa katikati, mwenye chipu kunizidi, anapandisha hadi 4,400. Waliobaki wanatupa mpaka zamu yangu. Nachungulia: nane ya kopa na nane ya pau.

Nilisukuma zote, yaani niliweka chipu zangu zote mezani. Akafuata, yaani akalipa dau hilo, na ree na mzungu wa nne (mfalme), mzungu wa nne mwingine akashuka kwenye karata ya mwisho, nikatoka. Wenzangu watatu wakanishukia: jozi ya kati hufuatwa kwa bei ndogo, ukipata nane ya tatu unamkamua mtu, usipoipata unatupa, shindano linaendelea. Mimi nasema hiyo ndiyo tabia inayotumaliza.

Nane ya tatu huja kwenye flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani, mara moja kati ya 8.5. Kufuata kunanigharimu 3,400 zaidi, kwa hiyo kila ninapoipata inabidi nivune wastani wa 25,500 ndipo nirudishe gharama. Mezani zipo 9,400. Hizo 16,000 zilizobaki zitoke kwa mpinzani, na mara nyingi flopu itakuwa haijampa kitu cha kulipia. Halafu flopu 87 kati ya 100 zinakuja na walau karata moja kubwa kuliko nane, na mimi ndiye wa kusema kwanza. Nikipitisha, anatia dau. Nikitia mimi, sijui kama nimetangulia au nimeshapitwa. Chipu za watu huishia hapo, 4,000 leo, 6,000 kesho, na hakuna anayezikumbuka kwa kuwa hazikuondoka kwa kishindo.

Tuangalie kusukuma. Tuseme anafungua (anapandisha wa kwanza) na mikono 20 bora kati ya kila 100, mkono ukiwa karata mbili alizogawiwa, na atanifuata akiwa na jozi ya tisa kwenda juu, au ree akiwa na mzungu wa nne au malkia. Hiyo ni michanganyiko ya karata mbili 68 kati ya 265 hivi anayofungua nayo. Karibu mara tatu kati ya nne anatupa, nami nachukua zile 9,400 bila kuona flopu. Akinifuata, bado nashinda kama mara 36 kati ya 100. Ukijumlisha yote, kila msukumo unaniletea wastani wa chipu 4,000 hivi, yaani blaindi kubwa mbili. Punguza kidogo kwa sababu blaindi kubwa hajasema bado na huenda akawa na karata nzito, faida inabaki. Kushindwa na ree na mzungu wa nne hakubadilishi hesabu hii. Nilikuwa mbele, takriban 55 kwa 45.

Mmoja wao alinibana vizuri lakini: je, mfunguaji akiwa mkavu, yaani anafungua na karata nzuri chache tu? Ni kweli. Akifungua 10 tu kati ya 100, atanifuata nusu ya mara, na msukumo uleule unageuka hasara ya zaidi ya chipu 1,000. Hapo natupa nane zangu, wala sioni aibu. Natupa pia pale anapobaki mtu mmoja atoke ndipo wengine waanze kulipwa, hata kama mfunguaji ni mlegevu, anayefungua na mikono mingi, kwa sababu chipu zikiwa mara mbili thamani yake kwa pesa haifiki mara mbili.

Blaindi kubwa ni habari nyingine. Unaongeza 2,400 tu na nyuma yako hakuna mtu. Fuata.

Panaponisumbua kweli ni blaindi ndogo ileile, mfunguaji mlegevu yuleyule, ila mimi nina 80,000 naye pia anazo. Kusukuma blaindi kubwa 40 ili nipate 9,400 naona ni nyingi. Nikipandisha tena hadi 13,000, akanisukumia zote, nimekwama. Nikifuata, nimerudi kwenye tabia ninayoipinga. Wewe ungefanya nini? Nionyeshe hesabu yako, usiniambie "mimi huwa".