Mwanasheria wa jeshi anaweza kufika mahakama ya kimataifa?

Mama wa Mafinga:
Shikamooni wakubwa. Binti yangu amehitimu shahada ya sheria na sasa yuko JKT hapa Mafinga. Nilipokwenda kumwona, asubuhi ya ukungu, vidole vyake vimekufa ganzi kwa baridi, aliniambia kwamba anataka kubaki jeshini na hatimaye awe jaji wa kimataifa. Baba yake anashikilia kwamba bunduki na mizani havikai mkono mmoja. Je, yupo aliyewahi kuipita njia hiyo?

Wakili Gangilonga:
Yupo, mama, tena wa kwetu. Marehemu Jaji Augustino Ramadhani alihitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1970, akaingia JWTZ na kupanda hadi Brigedia Jenerali. Alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha Jaji wa Rufani, kisha Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, na kati ya 2014 na 2016 akawa Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha. (Alikuwa kasisi wa Anglikana pia, sijui baba yake binti atasemaje kuhusu mkono wa tatu.)

Mzee wa Uyole:
Vyeo ni sawa, lakini mimi humpima kwa shauri la mgombea binafsi, yaani mtu kugombea uongozi bila kupitia chama cha siasa, la Mchungaji Christopher Mtikila, mwana wa Ludewa. Mwaka 2010 jopo la majaji saba wa Rufani, likiongozwa na Ramadhani mwenyewe, lilisema kwamba jambo hilo ni la Bunge kuamua. Mtikila hakukubali, akaishtaki nchi katika Mahakama hiyo ya Arusha, na Juni 2013 akashinda. Wakati huo Ramadhani alikuwa miongoni mwa majaji wa Mahakama hiyo, lakini hakuketi, kwa sababu itifaki ya Mahakama, yaani mkataba ulioianzisha, inamkataza jaji kusikiliza shauri linaloihusu nchi yake. Wenzake wakaamua kinyume cha alivyoamua yeye, naye akaendelea kufanya kazi nao hadi wakamchagua kuwa Rais wao.

Wakili Gangilonga:
Mzee amenikumbusha jambo. Itifaki hiyohiyo haiulizi kama mtu aliwahi kuvaa magwanda. Inataka mwanasheria mwenye maadili na umahiri unaotambulika katika haki za binadamu. Majaji ni 11 tu, hupendekezwa na nchi wanachama na kuchaguliwa katika Umoja wa Afrika kwa miaka sita, kwa hiyo binti ajenge jina katika sheria kwanza.

Mama wa Mafinga:
Ahsanteni sana. Baba yake amesoma yote mara mbili, sasa anauliza kama jeshini watamruhusu kwenda Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo.