Ngisi wa kujaza: oveni au moto juu na chini? Na ndani nijaze wali au mkate?

BintiPasiansi
Wakuu wa jikoni, waliotangulia shikamooni, wengine habari za jioni.

Mama mkwe anakuja kutoka Tanga wiki ijayo kumwona mjukuu, mara yake ya kwanza kufika Mwanza. Mama huyu alinipokea vizuri mno nilipoolewa. Ndiye aliyenikalisha juu ya mbuzi akanifundisha kukuna nazi na kuchuja tui, maana kwetu nilikulia samaki wa ziwani na mafuta ya alizeti. Sato nitampikia, sangara nitampikia, dagaa wa Mwaloni atakula na wa kubeba atabeba. Lakini siku moja nataka akute mezani kwangu chakula cha kwao: ngisi wa kujaza.

Mdogo wangu aliyeko Dar atawanunua Feri, atawagandisha na kunitumia kwa basi ndani ya boksi la barafu. Wako 10, kila mmoja kama sentimita 15 bila kichwa.

Nimeshajaribu mara moja na ngisi wa kugandishwa niliowapata hapa mjini. Niliwashindilia wali wa nusu kuiva mpaka mdomoni, nikawapanga kwenye trei kavu, nyuzi 200, dakika 20. Watatu walipasuka, waliobaki walikuwa wagumu kama kandambili. Nilisikitika sana, nisingependa yanikute tena mbele ya mgeni.

Nina oveni ndogo ya umeme ya mezani na nina jiko la mkaa. Nitumie lipi? Na ndani, wali au chenga za mkate?

MpishiMakorora
Marahaba mwanangu. Nakutoa hofu kwanza: ngisi wako hawakuwa wabaya.

Ngisi hulainika kwa njia mbili tu. Ama umpitishe kwenye moto mkali dakika mbili tatu umtoe, ama umwache kwenye rojo taratibu nusu saa na zaidi. Katikati ya hapo nyama imeshajikaza na bado haijaachia. Dakika zako 20 zimeangukia palepale. Na ngisi wa kujaza huwezi kumpitisha dakika mbili, cha ndani kitabaki baridi. Kwa hiyo njia yako ni rojo, kifuniko na subira.

Kupasuka nako kuna sababu. Ngisi akiiva hunywea, wali wa nusu kuiva hufura. Mmoja anabana, mwingine anasukuma. Pika wali uive kabisa, uache upoe, halafu jaza theluthi mbili tu ya mfuko. Utaona kama umepunja, lakini akitoka motoni atakuwa amejaa mwenyewe. Mdomo ubane kwa kijiti cha kuchokolea meno, na mwilini umtoboe matundu mawili matatu kwa kijiti hichohicho ili mvuke utoke.

Kumsafisha: vuta kichwa taratibu, matumbo na kifuko cha wino vitafuata. Ingiza kidole utoe ule uti mwembamba unaong'aa kama plastiki, watu wengi huusahau kwa ngisi wa kugandishwa. Menya ngozi ya zambarau. Minyiri ikate chini ya macho, uubinye ule mdomo mgumu ulio katikati utoke, kisha minyiri uikatekate ndogondogo. Hiyo ndiyo roho ya kujazia, usiitupe. Ikaange na kitunguu maji, kitunguu saumu, hoho na nyanya moja mpaka maji yakauke, ndipo uchanganye na wali, kotimiri na pilipili manga.

Sisi Tanga tungetia tui. Anza na rojo la nyanya na tui jepesi. Tui zito litie dakika 10 za mwisho, maana likichemka muda mrefu hukatika na mafuta yakajitenga.

MzeeWaNansio
Binti, mimi nipo upande wa mkaa. Sufuria pana yenye mfuniko bapa, ngisi wamelala kwenye rojo, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Huku Ukerewe tunaoka hata keki hivyo. Juu wanashika rangi nzuri, na harufu ya mkaa oveni haikupi.

BintiPasiansi
Shikamoo mzee. Shida yangu ni chini kuungua. Nyanya ikigusa moto mkali hushika haraka na sitaweza kufunua kila mara.

MzeeWaNansio
Marahaba. Ni kweli, lazima ukae karibu nalo. Makaa ya chini yawe yameshafifia na kushika majivu, hesabu vipande vitano sita tu. Ukiwa na mtoto mchanga ndani ya nyumba, hapo sibishani nawe, tumia oveni.

FundiOveniIgogo
Mimi natengeneza hizi oveni za mezani, naomba niseme jambo moja kabla hamjafika kwenye mapishi. Namba iliyoandikwa kwenye kitasa usiiamini. Nyingi zinazoletwa kwangu hupishana na joto halisi, na nyuzi 200 zako huenda zilikuwa 230.

Kipimo cha nyumbani ni sukari. Sukari nyeupe huyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Weka kijiko kimoja juu ya foili, washa oveni nyuzi 175, ikishapata moto iingize robo saa. Ikiyeyuka, oveni yako ina moto kuliko inavyosema. Kisha panda hadi 190, robo saa nyingine. Isipoyeyuka, ina moto pungufu. Ukishajua tofauti, unapunguza au kuongeza kila unapopika.

Kuhusu gharama, oveni ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika hula uniti 2. Kwa kuwa hujizima na kujiwasha yenyewe ikifikia joto, itakula pungufu ya hapo. Gunia la mkaa mnajua wenyewe lilipofika.

KijanaWaIgoma
Niliwahi kufanya kazi jiko la hoteli, ngisi wa kujaza nimewapika mara nyingi, kwa hiyo nijibu la wali na mkate.

Wagiriki hujaza wali, Waitalia hupenda chenga za mkate na minyiri, Wahispania wengine huwapika kwenye wino wake mweusi, na Wafilipino huweka nyama ya kusaga na mboga. Kila mmoja ana sababu yake. Chenga za mkate hunyonya maji ya ngisi mwenyewe na kushikamana, ukimkata vipande vya mviringo vinakaa vizuri kwenye sahani. Lakini zinataka rojo jepesi na kidogo. Ukizizamisha kwenye tui dakika 40 zinakuwa uji.

Kwa mama wa Tanga na tui lake, weka wali. Mchele wowote mzuri wa kanda yetu utafaa, ila usiufanye bokoboko. Mkate muachie siku utakayochoma wakavu na ndimu.

Nyongeza: tupo zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji hapa huchemka karibu nyuzi 96. Mapishi ya pwani yakisema dakika 40 kwenye rojo, sisi tuongeze tano au kumi. Usiangalie saa pekee, mchome kwa kijiti. Kikipita bila kugoma, ameiva.

NyakatoMamaWatatu
Dada, kwetu ni Wasabato, ngisi hatuli kwa kuwa hana magamba. Lakini nimesoma uzi huu wote kwa sababu mchanganyiko ule naufanya kwa sato. Nampasua mgongoni, natoa mfupa wa kati, najaza wali, kitunguu, karoti na giligilani, nafunga na uzi. Foili nyuzi 180, dakika 25 zinatosha kwa sato wa nusu kilo. Samaki hataki subira ya ngisi, ukimpitiliza anakauka. Kama basi likichelewa na barafu ikayeyuka, usimlishe mama ngisi wa wasiwasi. Pita Kirumba asubuhi uchukue sato.

BintiPasiansi
Wabeja sana dada, nimeliweka akilini hilo la basi.

MpishiMakorora
Naye amesema kweli. Wakifika, bonyeza. Wawe bado wagumu kwa barafu, au angalau baridi kabisa, bila harufu kali. Wayeyushie ndani ya friji usiku kucha, si mezani. Na kugandishwa hakumharibu ngisi, humsaidia kulainika.

BintiPasiansi (siku tisa baadaye)
Narudi kama nilivyoahidi.

Boksi lilifika saa 2 asubuhi, katikati barafu ikiwa bado nzima. Kipimo cha sukari kilinionyesha oveni yangu ina moto zaidi: kwenye 175 sukari yote iliyeyuka. Fundi, Mungu akubariki. Nikaiweka 160.

Wanane waliingia oveni kwenye bakuli la kioo, rojo la nyanya na tui jepesi likiwafika nusu, foili juu. Dakika 40 kijiti bado kilikuwa kinagoma kidogo, 50 kikapita. Nikafunua, nikamwagia tui zito, dakika 10 nyingine. Hakupasuka hata mmoja.

Wawili niliwapika kwa mkaa, mzee, nilitaka kulinganisha kwa haki. Mume wangu alisimama karibu na jiko muda wote. Rangi ya juu ilikuwa nzuri kuliko ya oveni, na ule moshi nimeuelewa. Rojo la chini lilishika kidogo pembeni. Kwa ulaini, wa oveni walishinda. Nikiwa na watu wawili watatu na jioni ya nafasi nitatumia mkaa; kwa mgeni nitarudia oveni.

Mama alikata wa kwanza, akatazama ndani, akaita jina la mwanawe: "Njoo uone mkeo alichofanya." Alikula wawili na wali mweupe. Kisha akaniambia taratibu kwamba ndimu imepungua.

MpishiMakorora
Uliitia saa ngapi hiyo ndimu?

BintiPasiansi
Mwanzoni, kwenye rojo.

MpishiMakorora
Motoni ukali wake hupotea. Siku nyingine ikamulie mezani, ngisi wakishatoka. Na mama yuko hadi lini?

BintiPasiansi
Hadi Jumapili. Kesho nampeleka Mwaloni, anataka kumwona sangara mzima kabla hajakatwa. Jumamosi anapika yeye, ameomba sato wanne na nazi tatu.