Naomba ushauri: nirudie mtihani wa leseni au niombe digrii?

Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Niko Uyole, Mbeya. Nimemaliza diploma ya uuguzi na ukunga, miaka mitatu, GPA 3.4, lakini mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga sikufaulu. Nilikwama kwenye hesabu za dozi na matone ya dripu. Wodini tulizoea kupiga hesabu sista akiwa pembeni. Kwenye mtihani uko peke yako na muda unakwenda. Mama kauza viazi misimu mitatu kunisomesha, kukaa nyumbani kunaniuma mno.

Mjomba anasema niombe digrii Muhimbili moja kwa moja. Ni miaka minne, na bado nasita kati ya uuguzi na ukunga. Moyo wangu uko leba, tangu siku nilipozalisha mara ya kwanza nikiwa field. Mimi naona nipate leseni kwanza, nifanye kazi, ndipo nisome.

Mliorudia mkafaulu, hesabu za dawa mlijifunzaje? Na mwenye digrii ya ukunga anabanwa kwenye ajira kuliko wa uuguzi?